Majopo ya mtandaoni na mafunzo ya utafiti: maswali tunayoulizwa Mombasa

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tunakutana watu kumi na kitu katika chumba cha ghorofani, Mji wa Kale. Wamo wanafunzi wa uzamili, walimu wa sekondari, binti anayeandika tasnifu ya uzamivu na mzee mmoja aliyestaafu bandarini ambaye anajua historia ya Kilindini kuliko sote. Tunasaidiana kuandika ikisiri, yaani muhtasari wa makala, kujiandaa kwa majopo ya mtandaoni, yaani vikao vya kuwasilisha makala, na kujifunza kazi ya utafiti. Maswali yaliyo hapa huulizwa na karibu kila mgeni, basi nimeyaandika pamoja na majibu yake.

Hizo "taaluma za maeneo" ndizo zipi?

Ni masomo yanayoshika eneo moja la dunia, tuseme Afrika, Asia ya Kusini au Mashariki ya Kati, na kulitazama kwa lugha zake, historia, dini, siasa na sanaa kwa pamoja. Mtaalamu wa lugha na mwanahistoria wanakaa meza moja kwa kuwa wote wawili wanashughulika na Pwani. Chuo cha SOAS kilifunguliwa London mwaka 1917 kwa ajili ya lugha za Mashariki, na Afrika ikaongezwa katika jina lake mwaka 1938. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern kilianzisha programu ya taaluma za Kiafrika mwaka 1948, chama cha wataalamu wa Afrika kikaundwa mwaka 1957, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyomwaga pesa za serikali katika ufundishaji wa lugha za kigeni. Ilikuwa enzi ya vita baridi, na serikali ile ilitaka watu wanaoijua dunia. Kwa upande wetu, CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii barani Afrika, ilianzishwa Dakar mwaka 1973, na chama cha taaluma za Afrika chenye makao humu barani kikaja mwaka 2013.

Itazame miaka hiyo kwa mfuatano. Mahali pa kutuzungumzia palijengwa mbali, na viti vikajaa kabla hatujafika. Kwa muda mrefu mtu wa Mombasa aliingia katika kazi hizi akiwa mtoa habari: ndiye aliyeulizwa, akajibu, akapewa asante katika ukurasa wa mwanzo.

Chukua mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mvita aliyefariki mnamo 1840. Mmisionari W. E. Taylor aliyakusanya hapa Mombasa miaka ya 1880, lakini aliyemtafutia, akamwandikia na kumfafanulia ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa mji huu. Karatasi zenyewe leo ziko SOAS. Bila Taylor pengine tusingekuwa nazo, nami namshukuru. Bila Mwalimu Sikujua, Taylor asingekuwa na cha kubeba. Ninachotaka kuona ni Mwalimu Sikujua wa leo akikaa kwenye jopo kwa jina lake, akisoma makala yake mwenyewe. Mlango wa mtandaoni umefanya hilo liwezekane bila viza na bila tiketi ya ndege, na ndiyo maana tunautilia bidii.

Sina uzamivu. Nitakubaliwa?

Majopo mengi hupokea wanafunzi wa uzamili, na baadhi hupokea watafiti wasio na chuo. Kinachosomwa ni ikisiri. Pale fomu inapokuuliza taasisi yako na huna, andika "mtafiti huru, Mombasa". Ni jina la heshima na usilionee haya.

Jopo la mtandaoni linakwendaje hasa?

Kwa kawaida ni dakika 90. Wapo wawasilishaji watatu au wanne, kila mmoja ana dakika 15 hadi 20, yupo mwenyekiti wa kushika saa, na mara nyingine mjadili ambaye amesoma makala zote mapema na anazitolea maoni. Muda unaobaki ni wa maswali.

Waratibu hutangaza mwito wa mada miezi kadhaa kabla. Unatuma ikisiri ya maneno 200 hadi 300 na maelezo mafupi juu yako. Ukikubaliwa, utatakiwa kutuma makala kamili wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe ili mjadili aisome. Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Mjadili akipokea makala usiku wa kuamkia jopo, atakuzungumzia kwa sentensi mbili za adabu, na umekosa kitu cha thamani kuliko vyote: msomaji makini aliyekaa na kazi yako.

Kuhusu urefu, usiamini hesabu za maneno zilizotungwa kwa Kiingereza. Neno moja la Kiswahili, kama "hawakutuandikia", ni sentensi nzima kwa wenzetu. Isome makala yako kwa sauti, simu ikipima muda, na uisome pole pole kama anayemsomea mzee. Ikizidi dakika 14, punguza.

Ikisiri yangu imekataliwa mara mbili. Nakosea wapi?

Mara nyingi tunaletewa ikisiri ya namna hii: "Utafiti huu unahusu athari za reli ya SGR kwa wakazi wa Mombasa. Utatumia nadharia mbalimbali. Utakuwa na manufaa kwa serikali na jamii." Msomaji anamaliza bila kujua wakazi gani, athari gani, na wewe umezijuaje.

Huwa tunaiweka ikisiri mezani na kuuliza maswali manne: nani, wapi, lini, umejuaje? Kisha la tano, gumu kuliko yote: umegundua nini ambacho jirani yako wa Changamwe hakijui? Baada ya kujibiwa, ikisiri ile ile inaweza kuanza hivi (mfano huu ni wa kufundishia tu): "Treni ya abiria ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na makontena yakafuata. Makala hii inafuatilia wanawake wenye vibanda vya chakula kando ya barabara ya malori Changamwe. Kwa kutumia madaftari yao ya madeni na mahojiano niliyoyafanya kwa Kiswahili, naonyesha kwamba mkopo wa chakula kwa madereva ulikuwa benki ndogo ya mtaa, na kwamba malori yalipopungua, kilichovunjika kwanza ni imani ya kukopeshana, kabla ya mapato."

Umeona tofauti. Ya pili ina mahali, watu, ushahidi na dai. Anaweza kutokea mtu akalipinga dai hilo, na hiyo ni dalili njema. Ikisiri isiyopingika haina kitu ndani.

Jambo jingine: isome ilani ya mwito yenyewe. Jopo likisema linataka mada za bahari na biashara, usitume ya ushairi wa mapenzi ukitumaini watakuhurumia. Na pale inaporuhusiwa, mwandikie mratibu barua pepe fupi kabla ya kutuma, umuulize kama mada yako inaingia. Wengi hujibu kwa ukarimu.

Ratiba inasema saa 10:00. Ni saa ngapi kwetu?

Swali hili naomba ulisome polepole, maana limeshawaponza watu waliojiandaa vizuri kabisa. Kwetu "saa kumi" ni alasiri. Katika ratiba, 10:00 ni saa nne asubuhi, tena saa nne ya mji ambao si wako. Dada mmoja wa Kisauni alijiandaa miezi miwili, akavaa, akaomba chumba chenye utulivu kwa shangazi yake, akafungua kompyuta saa kumi alasiri. Ratiba ilikuwa imeandikwa kwa saa za Greenwich. Kwake ilikuwa saa saba mchana, na jopo lilikwisha kufungwa. Alilia, na sote tuliumia naye. Tangu siku hiyo hili ndilo somo letu la kwanza.

Kenya iko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima, wala hatubadilishi saa. Wenzetu hubadilisha. London iko nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Ujerumani ni saa mbili, kisha moja. New York ni saa nane, kisha saba. Japani iko mbele yetu saa sita daima, kwa hivyo jopo la saa nne asubuhi Tokyo kwetu ni saa kumi alfajiri. Tena Ulaya na Marekani hazibadilishi siku moja. Ulaya hurudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Marekani hungoja hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwezi wa Machi Marekani hutangulia kwa wiki mbili au tatu. Katika wiki hizo mkutano wako wa kila mwezi unaweza kusogea saa nzima bila mtu kukuambia.

Lipo na jambo la sala. Jopo la saa nne asubuhi New York mwezi wa Novemba kwetu huanza saa kumi na mbili jioni, dakika chache kabla ya magharibi, na katika Ramadhani saa hiyo mtu yuko kwenye futari. Mwambie mwenyekiti mapema kwamba ungependa kuwa msemaji wa kwanza au wa mwisho. Sijawahi kuona ombi hilo likikataliwa. Adhana ikilia ukiwa katikati ya wasilisho, nyamaza kidogo, kisha endelea. Wasikilizaji watakungoja.

Andika saa ya jopo kwenye karatasi kwa namna mbili, ya ratiba na ya Kiswahili, na jina la siku: "Alhamisi, 14:00 Greenwich, saa kumi na moja jioni kwetu." Ibandike ukutani.

Intaneti yangu hukatika. Nifanyeje?

Mombasa ndiyo bandari ya intaneti ya Kenya pia. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika hapa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Kwa hivyo tuko karibu na chanzo kuliko Nairobi. Lakini waya ukikatika mbali, nasi tunaumia: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika katika bahari ya kusini, na Afrika Mashariki nzima intaneti ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa.

Basi jiandae kama mvuvi anayejua kaskazi na kusi. Mtumie mwenyekiti slaidi zako siku moja kabla ili aweze kuzionyesha yeye. Rekodi wasilisho lako kwenye simu na ulitume pia, ukikatika, walicheze. Chaji simu na kompyuta tangu asubuhi, kwani stima haitoi taarifa. Weka laini ya pili ya kampuni tofauti. Video ya kikundi inaweza kula gigabaiti moja au zaidi kwa saa, kwa hivyo washa kamera unapojitambulisha na unapozungumza, kisha zima. Ukienda saiba, nenda siku moja kabla usikie kelele zake kwa masikio yako.

Naweza kuwasilisha kwa Kiswahili?

Inategemea jopo, na mara nyingi jibu ni ndiyo kuliko watu wanavyodhani. Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, limekuwa likifanyika tangu miaka ya 1980, na makala za Kiswahili huwasilishwa humo. CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, huendesha makongamano yake kwa Kiswahili. Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha yake ya kazi mwaka 2022. Katika makongamano makubwa ya taaluma za Kiafrika, Kiingereza na Kifaransa bado ndizo zinazotawala, lakini unaweza kuuliza. Wapo waliowasilisha kwa Kiswahili huku slaidi zikiwa kwa Kiingereza.

Nina jambo la kuongeza. Ni hapa Mombasa, mwaka 1928, ambapo mkutano wa wakoloni uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikaachwa kando. Kikao kimoja kiliamua vitabu vya shule vya kizazi baada ya kizazi vitasemaje. Wenye Kimvita chao hawakuwa ndio waamuzi. Kila ninaposikia mtu akisema jopo ni maneno matupu, hukumbuka mkutano ule.

Kwa hivyo ukimrekodi bibi akisema "ndia" na "mato", andika hivyo hivyo. Usimgeuzie kuwa "njia" na "macho". Barabara ya Ndia Kuu ipo hapo Mji wa Kale na kibao chake, nayo haijamwomba mtu ruhusa. Ukisanifisha maneno ya mhojiwa wako umefuta ushahidi, na msomaji wa kesho hatajua kama bibi huyo alikuwa wa Mvita, wa Jomvu au wa Lamu.

Mafunzo ya utafiti yanahusu nini?

Tunayagawa kwa jinsi kazi inavyokwenda: kuchagua swali, kutafuta ruhusa, kuhoji, kunakili, kusoma nyaraka, kuandika. Mengi utayapata katika warsha za mtandaoni za bure. Nitakaa zaidi kwenye ruhusa na mahojiano, maana hapo ndipo pana madhara kwa watu.

Kwanza leseni. Nchini Kenya utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Ombi hufanywa mtandaoni. Utafiti unaohusu watu unahitaji pia kibali cha kamati ya maadili, na leseni ikitoka utatakiwa kuwaarifu wakuu wa kaunti kabla ya kuanza. Anza mapema, usimhoji mtu leo ukitumaini leseni itakuja kesho.

Pili sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Wengi hudhani inahusu benki na kampuni za simu. Isome tena ukiwa na macho ya mtu wa Pwani. Miongoni mwa habari ambazo sheria hiyo inaziita nyeti ni asili ya kabila, imani, mali, ndoa, na majina ya wazazi, watoto na mume au mke. Yaani nasaba! Ukikaa na mzee wa mojawapo ya Taifa Kumi na Mbili, yaani makundi ya koo za Waswahili wa Mombasa, awe wa Kilindini, Tangana, Changamwe au wale wa Tisa Taifa, akakuhesabia babu zake saba, shamba la kila mmoja na nani alimwoa nani, umebeba data nyeti mfukoni mwako kwenye simu isiyo na nywila. Na ardhi ya Pwani, toka mkataba wa mwaka 1895 kati ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza juu ya ukanda wa maili kumi wa Pwani hadi leo, haijaacha kuwa kesi. Jina moja ukilitaja ovyo mbele ya skrini ya watu mia linaweza kufika mahakamani.

Kwa hivyo idhini haiishii kwenye sahihi. Tunafundisha kuomba idhini mara tatu: kabla ya kuwasha kinasa sauti, baada ya kumaliza, na tena unapotaka kuyatumia maneno hayo kwenye jopo. Mzee akisema, "Mwanangu, hili usilitie," zima, na uzime mbele ya macho yake. Ukirudi nyumbani usiliandike kwa kumbukumbu.

Adabu ya kuingia nayo ina somo lake. Piga hodi, ungoje. Toa shikamoo na salamu zote bila haraka, ukubali kahawa. Siku ya kwanza usirekodi kitu. Usiende Ijumaa mchana wala alasiri ya Ramadhani. Ukitaka kumhoji mwanamke mkubwa, nenda na mtu anayemjua, umwite Bi na jina lake. Vitabu vingi vya mbinu za utafiti havina mambo haya, na sisi tumeyanyonya na maziwa. Hapo ndipo mtafiti wa hapa alipotangulia, ila ajue pia kwamba ukaribu una mzigo: mgeni akikosea huondoka, wewe utakutana na mtu huyo Marikiti wiki ijayo.

Nyaraka za Mombasa nitazipata wapi?

Anza na Fort Jesus. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na wengi huingia kwa picha tu. Ndani yake mna maktaba ya watafiti. Makumbusho ya Taifa yana pia taasisi ya utafiti wa mambo ya Waswahili hapa mjini.

Nyaraka za serikali ya kikoloni ziko zaidi katika Makavazi ya Taifa, Nairobi, na kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Zanzibar, Makavazi ya Kilimani yana hazina ya maandishi ya Kiarabu na ya kibalozi ambayo haikwepeki kwa anayeandika juu ya Mombasa ya kabla ya Waingereza. Dar es Salaam, maktaba ya chuo kikuu ina miswada mingi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza, na sehemu kubwa ya miswada ya Kiswahili ya SOAS imewekwa mtandaoni.

Nakusihi ujifunze kusoma hati hiyo. Kijana wa madrasa anaisoma Kurani tangu utotoni, lakini Kiswahili cha zamani kwa herufi hizo kinamtatiza kwa kuwa p na b mara nyingi huandikwa sawa, na irabu e na o hazina alama zake. Wiki sita za mazoezi zinatosha kuanza. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha London miaka mingi, alitumia maisha yake kuiendeleza elimu hiyo.

Na usiisahau sanduku la bibi yako. Hati za wakfu, barua za kutoka Maskati na Bombay, risiti za jahazi: vingi bado vimo nyumbani. Vipige picha pale pale mbele ya mwenyewe na uviache alipoviweka.

Makala za majarida zinalipiwa. Nitasomaje?

Fungua akaunti ya bure ya JSTOR, hazina ya majarida mtandaoni, utasoma hadi makala 100 kwa mwezi mtandaoni. AJOL inakusanya majarida ya Afrika, mengi yake wazi. Ukishindwa, mwandikie mwandishi mwenyewe umwombe nakala. Tumia Zotero kupanga marejeo, ni ya bure, na ujisajili ORCID, sajili ya watafiti wa dunia, upate nambari yako ya tarakimu 16. Mombasa ina Mohamed Ali wengi, na nambari hiyo itakutenga na wenzako.

Nimepata barua pepe ya kunialika kuwa "mgeni rasmi" kwenye kongamano, nilipe dola kadhaa.

Usilipe. Mimi mwenyewe nimewahi kulipa, miaka iliyopita, kwa kongamano ambalo lilikuwa tovuti tu. Pesa zilikuwa za karo ya mtoto, na bado naumia nikizikumbuka. Dalili zake nazijua sasa: sifa nyingi kabla hawajasoma kazi yako, mada za fani zote kuanzia udaktari hadi ushairi katika mkutano mmoja, jibu la kukubaliwa ndani ya siku mbili, na majina ya kamati ambayo ukiyatafuta hayapatikani. Majarida bandia yana tabia hizo hizo. Kabla ya kutuma makala popote, tafuta jina la jarida katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, na umuulize mtu mmoja aliyetangulia.

Makongamano ya kweli nayo hutoza ada, mara nyingi kwa dola. Uliza kama kuna punguzo kwa washiriki wa Afrika au wanafunzi. Mara nyingi lipo, ila halitangazwi sana.

Naogopa maswali.

Kila mtu huogopa. Ukiulizwa usichokijua, sema: "Hilo sijalichunguza, nashukuru kwa kulitaja." Andika jina la aliyeuliza. Ukihitaji swali lirudiwe, omba. Sauti hukatika kwa maprofesa pia.

Waliohojiwa wanapata nini?

Ndilo swali ambalo mzee wetu wa bandarini alituuliza siku yake ya kwanza, na tuliona aibu kwa sababu hatukuwa na jibu. Sasa tunayo kawaida. Kabla ya jopo, mtafiti anakuja Jumamosi kuisoma makala kwa Kiswahili mbele ya waliomsaidia, au huwaendea nyumbani. Mara mbili wameshasahihisha makosa ambayo hakuna mjadili wa ng'ambo angeyaona: tarehe ya msikiti, na ukoo ulioandikwa chini ya taifa lisilo lake. Baada ya jopo, wanapewa nakala ya karatasi na sauti zao kwenye simu za watoto wao. Na kama mtu alifanya kazi ya Mwalimu Sikujua, yaani alitafuta, akafafanua na kufasiri, jina lake linaingia katika makala kama mwandishi mwenza akitaka. Majarida yanakubali hilo. Ni sisi tu tuliokuwa hatuulizi.

Nianzie wapi wiki hii?

Hudhuria jopo moja kama msikilizaji. Mengi hayana ada kwa wasikilizaji. Zima maiki, shika kalamu, uandike mwenyekiti anavyosema na dakika zinavyokwenda. Kisha andika swali lako la utafiti kwa sentensi moja ya Kiswahili ambayo shangazi yako ataielewa. Lete sentensi hiyo Jumamosi. Kama huna nauli ya kivuko au matatu, tuambie, tutakuunganisha kwa simu.